Kanga Chini ya Kuku: Jinsi ya Kuangua Mayai ya Kanga Nyumbani



Katika semina ya vikundi tuliyofanya Geita, kijana mmoja aliinua simu yake akatuonyesha picha ya ndege mrefu mwenye manyoya kama nyasi kavu. Akauliza, "Mratibu, mayai ya hawa emu tunaweza kuyaangua nyumbani?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa zuri, na sikutaka limpite hivi hivi. Emu ni ndege wa Australia. Yai lake ni la kijani iliyokolea, lina uzito wa nusu kilo au zaidi, na dume ndiye anayelalia kwa muda wa wiki 8 hivi, karibu bila kula chochote. Kwetu ndege huyo hayupo. Anayemkaribia ni mbuni, na mbuni wetu ni mnyamapori. Huwezi kuchukua mayai yake wala kumfuga bila kibali.

Nilimwambia yule kijana kwamba tunaye ndege ambaye mayai yake hutushinda kila mwaka ingawa tunapishana naye njiani, naye ni kanga. Watu wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita wamewahi kujaribu kufuga kanga. Wengi waliacha. Ukiwauliza sababu, watakuambia "mayai hayaanguliki" au "vifaranga vinakufa". Somo hili linahusu sababu ya kwanza zaidi kuliko ya pili, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeshaumia hapo.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mayai 18 ya kanga kwa mfugaji mmoja wa Shinyanga vijijini. Nilimshawishi mama mmoja mjane wa kikundi chetu atoe kuku wake wawili waliokuwa wanaatamia ili wayalalie. Mama alikuwa na mayai yake ya kuku tayari, lakini kwa kuniheshimu aliyaondoa akaweka ya kwangu. Siku ya 28 ikapita. Siku ya 30 ikapita. Siku ya 31 tulikaa chini tukayavunja moja moja. Yote yalikuwa maji matupu, hakuna hata moja lililokuwa na damu.

Mama hakusema neno. Lakini mimi nilijua kwamba vifaranga ambavyo kuku wale wangemletea ndivyo vilivyokuwa vitoe fedha ya sare ya mwanawe. Nilimlipa, lakini msimu ulikuwa umekwisha.

Nilirudi kwa yule mfugaji, si kwa ugomvi, ila kutaka kujua. Alikuwa na kanga 9. Tulipowasikiliza vizuri tukagundua 6 ni madume. Mayai alikuwa anayaweka kwenye ndoo ndani ya chumba chenye paa la bati, na baadhi yalikuwa yamekaa humo zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo kuku wa mama yule hawakuwa na kosa, wala hakuna mkono wa mtu mbaya uliogusa kiota, kama jirani mmoja alivyoanza kunong'ona. Kazi iliharibika kabla kuku hajakaa.

Yai la mbegu

Kwanza jua nani jike na nani dume, kwani kwa macho kanga hufanana sana. Sikiliza sauti. Kuanzia umri wa wiki 8 hivi jike hutoa mlio wenye sehemu mbili, ya pili ikipanda juu, na huurudia rudia. Dume hutoa mlio wa sehemu moja tu. Jike akishtuka anaweza kulia kama dume, lakini dume hawezi kamwe kulia kama jike. Basi ukisikia ule mlio wa sehemu mbili, huyo ni jike bila shaka. Dume pia huwa na vile vinyama vyekundu vinavyoning'inia chini ya mdomo vikiwa vikubwa na vilivyojikunja kama kijiko. Weka dume 1 kwa majike 4 au 5. Ukiwa na madume wengi watapigana, na mbegu haitapatikana. Wakiwa wachache mno, majike wengine hawatapandwa kabisa, maana kanga kwa asili yake ni ndege wa kuishi wawili wawili.

Pili, chakula. Hapa kwetu Shinyanga tunalima pamba, na mashudu ya pamba ni rahisi kupatikana. Usiyafanye kuwa chakula cha ndege wanaotaga mayai ya kuangua. Mbegu ya pamba ina sumu inayobadilisha rangi ya kiini na ina mafuta yanayoua mimba changa ndani ya yai. Mayai yataonekana mazuri sokoni na hayataanguliwa. Tumia mashudu ya alizeti, pumba, dagaa waliosagwa, majani mabichi, na chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa.

Kwa wasomaji wetu wa ukanda wa machimbo, Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko, nina neno la ziada. Ndege wanaodonoa kwenye mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu, ule mnaouita marudio, hula wadudu na udongo wenye zebaki. Ndege jike huitoa zebaki mwilini mwake kwa kuiingiza kwenye mayai, na zebaki hupunguza uwezo wa mayai kuanguliwa. Mayai hayo hayo mtoto wako pia anayala. Wafugie mbali na mialo ya kuoshea, na kamwe usiweke kiota jikoni ambamo mtu huchoma dhahabu yenye zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kumfukuza kanga kwenye marudio. Hiyo ni kazi yako wewe mwenye boma.

Tatu, kuokota na kutunza. Kanga hutaga msimu wa mvua, na akitunzwa vizuri anaweza kufikisha mayai 60 hadi 100 kwa msimu. Shida ni kwamba hupenda kuficha kiota vichakani, na majike kadhaa huweza kutaga mahali pamoja. Kwa kuwa wengi hutaga mchana, wafungie bandani hadi alasiri ndipo uwatoe. Ukikuta kiota nje, usizoe mayai yote. Acha manne au matano, la sivyo watahama na utaanza kuwafuatilia upya. Nazungumzia kanga wako wa kufuga. Mayai ya kanga wa porini yako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuyachukua bila kibali kutakupeleka mahali usipotaka.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloharibu mayai mengi kuliko mengine yote hapa kwetu, nalo ni joto la chumba. Yai lenye mbegu likikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 24 hivi huanza kukua kidogo kidogo. Usiku likipoa husimama. Kesho linaanza tena. Baada ya siku chache kile kilichoanza kinakufa, na wewe unaweka chini ya kuku yai ambalo ni maiti. Mwezi wa 9 na wa 10 nyumba ya bati ya Shinyanga mchana ni tanuri. Fanya hivi: chimba shimo dogo mahali penye kivuli ndani ya nyumba, weka mchanga, umwagie maji, kisha kalisha chungu cha udongo juu yake. Ndani ya chungu weka nyasi kavu, panga mayai ncha nyembamba ikiwa chini, funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, usimwagie mayai. Chungu kitakuwa baridi hata jua likiwa kali. Hata hivyo usiweke zaidi ya siku 7. Andika tarehe kwa penseli juu ya kila yai. Wino au peni ya rangi usitumie.

Usioshe mayai. Lenye uchafu mdogo lifute kwa kitambaa kikavu. Lenye ufa, lenye umbo la ajabu au dogo kupita kiasi, kaanga ule.

Kumwandaa kuku

Kanga jike ni mama asiyetulia. Akishtuliwa huacha kiota, na akiangua huwatembeza vifaranga kwenye umande mpaka wanaisha. Kwa sababu hiyo wafugaji wa nchi nyingi za Afrika hutumia kuku wa kienyeji kuwa mlezi. Hakuna mashine ya bei hiyo. Kuku anajua joto, anajua kugeuza mayai, na hahitaji umeme.

Chagua kuku aliyewahi kuangua mwenyewe na ambaye hanyanyuki ovyo. Kwa kuwa yai la kanga ni dogo kuliko la kuku wa kisasa, kuku mkubwa wa kienyeji anaweza kufunika 15 hadi 18. Ukiona anaatamia lakini mayai yako bado hayajatosha, mwachie mayai mawili ya kudanganyia kwa siku chache. Kwa njia hiyo unaweza hata kuwasubirisha kuku wawili au watatu ili waanze siku moja, na vifaranga wote wakalelewa pamoja.

Kabla ya kumkalisha, mnyunyizie dawa ya unga ya utitiri na chawa chini ya mabawa, na rudia siku 10 baadaye. Kuku anayewashwa hatalala siku 28. Hakikisha pia alishapata chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, wiki kadhaa kabla. Chanjo ya I-2 hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, lakini kuvumilia si sawa na kuiacha juani kwenye kikapu cha baiskeli.

Kiota kiwe mahali penye giza kidogo na utulivu. Mimi napenda kiota kilichokaa juu ya udongo kuliko cha kwenye boksi lililoinuliwa, kwa sababu nchi yetu ni kavu na udongo hutunza unyevu. Chini weka majivu kidogo, kisha nyasi kavu. Maji na punje za mahindi ziwe hatua chache tu kutoka hapo, ili kuku akitoka arudi upesi. Mkalishe usiku. Muweke kwanza juu ya mayai ya kudanganyia, akitulia siku moja au mbili badilisha uweke ya kanga.

Siku 28

Yai la kanga huchukua siku 26 hadi 28, la kuku 21. Wengine wanapenda kuchanganya. Si vibaya, ila lazima uanze na ya kanga, na ya kuku uyaongeze siku ya 7, ndipo yataanguliwa pamoja. Ukiyaweka siku moja, vifaranga wa kuku watatoka kwanza, mama atawafuata, na mayai ya kanga yataachwa yakiwa yamebakiza wiki moja. Nimeona hilo zaidi ya mara moja.

Siku ya 10 pima mayai kwa mwanga. Ganda la kanga ni gumu na lina rangi ya kahawia, kwa hiyo siku ya 7 mara nyingi huoni vizuri. Ingia chumba cha giza usiku, shika yai mbele ya tochi yenye mwanga mkali, ziba pembeni kwa vidole. Yai hai lina doa jeusi na mishipa ya damu kama mizizi. Likiwa angavu lote, halikuwa na mbegu. Likiwa na duara la damu, lilianza likafa. Ondoa hayo yote. Laiti ningefanya hivyo na yale 18, mama yule angepata kuku wake siku ya 10 badala ya siku ya 31, na bado angekuwa na muda wa kuwawekea mayai yake.

Rudia kupima siku ya 20. Siku 3 za mwisho, wakati wa kiangazi, nyunyiza maji ya vuguvugu kidogo kwenye udongo unaozunguka kiota. Ngozi ya ndani ya yai ikikauka mno kifaranga hunasa. Baada ya hapo usimsumbue kuku, wala usimsaidie kifaranga kutoka kwa kumbandua ganda. Akitoboa, anaweza kuchukua hata siku nzima kumaliza kazi. Damu iliyobaki kwenye ngozi ya ganda ni yake, na ukibandua mapema itamwagika.

Akina mama wa machimboni wameniuliza mara nyingi: rashi ikitokea, mume akahamia kwenye mashimo mapya na familia ikamfuata, kuku aliye siku ya 16 itakuwaje? Mama mmoja alihama namna hiyo. Kuku aliingia kwenye tenga, mayai yakafungwa ndani ya blanketi kwenye beseni, na safari ya pikipiki ikachukua muda mrefu. Walipofika yalikuwa yamepoa. Majirani walimwambia ayatupe. Yeye akayarudisha chini ya kuku usiku ule ule, akasubiri siku 4 akapima kwa tochi. Baadhi yalikuwa yamekufa, mengine bado yanacheza. Mimba ndani ya yai hustahimili kupoa kwa saa kadhaa kuliko inavyostahimili joto kupita kiasi. Usitupe mpaka umepima. Ila kama unajua mapema kwamba mtahama, usimkalishe kuku.

Na mashine?

Kikundi chenye kanga wengi kitafika mahali ambapo kuku hawatoshi. Si jambo geni: Wamisri wameangua mayai kwa maelfu katika majengo ya matofali yenye moto tangu zama za kale, na mafundi wao walipima joto kwa kuweka yai kwenye kope la jicho. Boksi la mbao lenye taa ya mafuta linaweza kufanya kazi. Lakini lazima nyuzi joto zikae 37.5 kama lina feni, au 38.3 hadi 38.9 usawa wa juu ya mayai kama halina. Mayai yageuzwe angalau mara 3 kwa siku hadi siku ya 24, kuwe na sahani ya maji kwa ajili ya unyevu, na matundu ya hewa yasizibwe kwa sababu eti kuna baridi. Mtu mmoja lazima aamke usiku. Kipimajoto kisiwe cha zebaki, maana kikivunjika ndani ya boksi umeharibu kila kitu.

Sijawahi kushauri kikundi kikope fedha ili kununua mashine kabla hakijafanikiwa kuangua kwa kuku misimu miwili. Kikundi ambacho chungu cha mayai hakipoi na madume hayajahesabiwa kitaangua maji matupu kwa bei kubwa zaidi.

Wakishatoka

Vifaranga wa kanga wana maadui wawili wa mapema, maji na ubaridi. Weka kokoto kwenye chombo cha maji ili wasizame. Sakafu isiwe gazeti au plastiki, maana miguu huteleza ikapanuka na hawatatembea tena. Weka gunia kuukuu. Mfungie mama kuku na vifaranga ndani ya tenga au banda kwa wiki 3 hadi 4, na wasitoke kabla umande haujakauka. Kama unawalea bila mama, joto liwe nyuzi 35 wiki ya kwanza, kisha upunguze nyuzi 2 au 3 kila wiki.

Wanahitaji chakula chenye protini nyingi kuliko vifaranga wa kuku. Dagaa wa Ziwa waliosagwa ni wazuri, lakini hakuna kinachoshinda mchwa. Jaza chungu nyasi kavu na kinyesi cha ng'ombe, kinyeshee maji kidogo, kifunike mdomo chini juu ya tundu la kichuguu jioni. Asubuhi kitakuwa kimejaa. Kung'uta mbele ya vifaranga usimame uangalie.

Yule mama wa mayai 18 alikubali kujaribu tena mvua zilizofuata, safari hii kwa mayai 15 niliyoyaokota mwenyewe kwenye kundi lenye dume 1 na majike 4, hakuna lililozidi siku 5. Alipima siku ya 10 akaondoa mawili. Walitoka 11, wakabaki 8 baada ya mwewe na mvua moja ya usiku. Walipofika wiki ya 9 alinipigia simu, akaniambia ninyamaze nisikilize, akaiweka simu karibu na banda. Tulihesabu pamoja milio ya sehemu mbili: majike walikuwa 5. Dume mmoja alimbakiza, wawili wakaenda kwa mama lishe wa machimboni.

Mwenye swali, au anayetaka mayai ya mbegu kwa mvua zijazo, amwone mwezeshaji wa kikundi chake au afisa mifugo wa kata mapema, kabla kuku wake hajaanza kuatamia.